Mgeni Asiyemulikwa

Nilimtilia shaka mgeni yule kabla hajaketi. Watu wa kwetu Rombo wakija kumaliza matanga huingia kwa sauti. Wanaume huanza kumsema marehemu tangu kwenye uzio, wanawake huuliza jiko liko wapi. Yeye aliingia kimya, akasimama mlangoni mwa ghala langu la ulezi, akainua uso kutazama dari, ndipo akatafuta benchi. Mtu gani anakuja msibani kukagua dari?

Tena alivaa koti la mikono mirefu, na jua siku hiyo lilikuwa la kupasua mawe.

"Mama, huyo ni nani?" aliniuliza Gaudensia, mke wa mwanangu Beatus. Beatus mwenyewe alikuwa safarini na lori, hakuwahi. Gaudensia alikuwa anachuja mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, tumbo la mimba limemtangulia, watoto wake wawili wameng'ang'ania kanga yake.

"Anasema anaitwa Fulgensi. Baba yake alikuwa rafiki wa baba mkwe wako, upande wa pili wa mpaka."

"Rafiki gani huyo hatujawahi hata kumsikia?"

"Hata mimi najiuliza."

"Basi tummulike."

Nilimtazama. "Mtu aliyekuja kulia na sisi, mwanangu?"

Gaudensia akarudi kwenye mbege yake, maana alijua. Kimulimuli kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari karibu na jiko, taa ndogo isiyozidi kidole gumba. Kila nyumba imepewa yake na Mamlaka ya Sumu. Ukimmulika mtu aliyesajiliwa kwenye kifundo cha mkono, ngozi yake hung'aa kijani kama jani la mgomba lililonyeshewa. Asiyesajiliwa, ngozi yake hubaki ilivyo. Sheria inasema mgeni asitie kitu kinywani kabla hajamulikwa. Lakini sheria hiyo nadhani ilitungwa na watu wasiofiwa. Kwetu, kumshika mtu wa msiba mkono na kummulika ni kumwambia: wewe umefuata pombe.

Nilipokuwa msichana dawa kali za panya zilikuwa marufuku nchi nzima. Wachuuzi walikuwa wameziuza kwenye vipakti visivyo na jina, watoto wakazilamba wakidhani ni sukari. Serikali ikakataza, na panya wakashukuru. Wakala ulezi shambani, wakala kimea juu ya mikeka, mwaka mmoja wakang'ata hata masikio ya watoto wachanga. Ndipo wataalamu wakaja na Tone. Unameza tone moja kwa mwaka, na dawa kali kuliko zote inapita mwilini mwako kama chumvi. Serikali ikaona hakuna haja tena ya kuifungia sumu kabatini. Marufuku ikaondolewa. Sasa kila mwezi ukiandama wanakuja kereng'ende. Ndivyo tunavyoviita vile vyombo vinavyoruka bila mtu ndani yake. Wanaingia darini, ghalani, chini ya vitanda, wanapuliza ukungu mweupe usio na harufu wala ladha. Panya akilamba mguu wake hafiki shimoni. Ulezi wetu una ukungu ule, unga unao, hata mito ya kulalia. Sisi hautudhuru. Asiye na Tone, Mungu amwonee huruma.

"Shemeji." Alikuwa Apolinari, mdogo wa marehemu mume wangu, amenijia kwa nyuma na kuninong'oneza. "Yule ni mpimaji wa Mamlaka."

"Umejuaje?"

"Macho yake. Anatazama nyufa. Kwa Assenga si walikuja kama wanunuzi wa ng'ombe? Mnunuzi gani hajui hata kumfungua ng'ombe mdomo atazame meno! Assenga akacheka, akampa mmoja wao togwa bila kummulika. Kulipokucha nyumba nzima imefutwa kwenye usajili."

Nyumba ya Assenga tuliiona sote. Kufutwa maana yake mwaka ukigeuka hupewi Tone, na kereng'ende hawaachi kuja. Assenga alihama na wanawe wote, mlango wake ukabaki unapigapiga kwa upepo.

"Basi mmulike wewe," nikamwambia.

"Mimi? Mwenye msiba ni wewe."

"Na mwenye hofu ni wewe."

Akacheka kwa pua, akarudi benchini, akaketi pale penye kumwona mgeni vizuri.

Nilikusudia kumwita Fulgensi nyuma ya zizi, nimmulike mahali asipoonekana na mtu. Kimulimuli nilikwisha kukitia mfukoni. Lakini nilipomkaribia aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole sana, Mama. Mzee alikuwa akifika kwetu, pombe yetu hanywi. Anasema imepikwa na watu wenye haraka."

Hayo yalikuwa maneno ya mume wangu hasa. Hata sauti ya kuyasema, naona aliiga yake. Shaka yangu ikalegea kidogo, na wakati huohuo Gaudensia akafika na kata imejaa.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza. Tunaita kutoa sumu, na jina hilo lilikuwapo kabla ya Mamlaka, tangu enzi za watu kuogopana uchawi. Unapiga funda mbele ya mgeni, anaona koo lako likishuka, ndipo unampa. Nikapiga funda. Nikampa. Alinitazama koo kwa makini kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpa pombe, kisha akanywa kata nzima.

Na moyo wangu ukatulia, kwa mazoea tu. Nimeonja, si nimeonja? Kimulimuli kikabaki mfukoni. Nikaenda kuwapokea wengine, nikaonja tena na tena mbele ya kila mmoja, na wala sikujiuliza: mtu mwenye Tone anapoonja, anaonja nini? Funda langu halikutoa sumu yoyote. Lilimdanganya mtu.

* * *

Gaudensia ndiye aliyeona viatu, vimejitokeza kati ya migomba, watu wakiwa bado wanakula. Fulgensi alikuwa amelala ubavu. Meno yalikuwa yanagongana, kucha zimegeuka rangi ya zambarau, na macho yametoka kama ya mtu anayeitwa kutoka mbali. Mimi na Apolinari tukamkokota hadi chumba cha marehemu, tukafunga mlango.

"Anaigiza," Apolinari akasema.

"Kucha nazo zinaigiza?"

"Hao wana dawa za kupaka. Shemeji, huu ndio mtego wenyewe! Anajifanya amekula sumu aone kama utampa Tone lako. Ukimpa, umevunja sheria kubwa kuliko ya kutomulika. Tone la mtu ni la mtu."

Nikakitoa kimulimuli. Nikakunja mkono wa koti, nikamulika kifundo cha kulia, kisha cha kushoto. Ngozi ikabaki ngozi.

Apolinari alijifuta uso. "Pengine wanaweza kuizima wakitaka," alisema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Haizimwi, mzee." Fulgensi alisema hivyo akiwa amefumba macho. "Mimi ni mpimaji. Hapo umesema kweli. Lakini siigizi."

Tulitazamana, mimi na shemeji yangu. Tulikuwa tumegombania mambo mawili, ama ni mpimaji, ama ni mgonjwa. Hakuna kati yetu aliyefikiri mtu anaweza kuwa yote mawili.

"Mpimaji asiye na Tone?" nikamuuliza.

"Ndilo sharti lao. Mashine haziioni hii sumu ikishachachuka ndani ya pombe. Mwili tu ndio unaiona. Na mtu mwenye kinga akinywa, atawaambia nini? Kwa hiyo wanatuchukua sisi wa upande wa pili, ambao hatukusajiliwa." Akainua kidole, akagusa nyuma ya sikio. Chini ya ngozi palikuwa na kitufe kama punje ya mtama. "Nimebonyeza tangu migombani. Waliniambia gari lenye Tone litafika kabla sijamaliza rozari moja."

"Umesali ngapi?"

"Nimepotea katikati."

Nilimpa maji, yakamtoka yote kifuani. Nikamfuta. "Na ukanywa kata nzima, unajua?"

"Kwa kawaida nakunywa kidogo, Mama. Natapika, gari linakuja, nasimama. Lakini nilikuona ulivyoonja. Ulionja kwa utulivu sana. Nikasema labda nyumba hii ina ghala lake safi kwa ajili ya wageni. Nilikuwa na kiu." Alitaka kucheka, midomo ikakataa. "Nimeona nyumba nyingi. Hakuna aliyeonja vile."

"Kwa nini ulikubali kazi hii?"

"Ukungu haujui mpaka. Upepo ukishuka kutoka mlimani unatuletea. Mbuzi wanakufa wamesimama. Mtoto wangu wa kwanza tumemzika. Yupo binti mmoja na mama yake. Nikimaliza nyumba nilizopewa, watasajiliwa."

"Bado nyumba ngapi?"

"Hii ndiyo ya mwisho."

Apolinari alifungua mlango, akatoka. Nikajua hakutoka kutafuta hewa.

* * *

Alikuwa ananingoja jikoni, na Gaudensia ameketi chini kwenye kigoda, watoto wamewekwa nje.

"Shemeji, nisikilize na usinikatize," alisema. "Sisi hatukumuua mtu. Sumu ni ya serikali. Mpimaji ni wao. Gari lililochelewa ni lao. Huyu atakuwa amekwenda kabla jua halijatua. Tutamvika sanda, tutamwita padri, tutamzika kama ndugu. Na alichokiona hapa kitashuka naye. Nani atajua kwamba hatukummulika?"

"Sisi tutajua."

"Sisi tunajua mambo mengi, na tunalala usingizi."

Nilitazama picha ya Bikira Maria ukutani, maana nyuma yake ndipo kilipokuwa kichupa changu. Nesi alikileta wiki ileile. Wenzangu walikwisha kumeza yao, mimi nikasema nitameza baada ya matanga, kwa kuwa Tone huwatapisha wazee siku nzima na sikutaka watu waje kumlilia mume wangu wanikute nimeinamia ndoo. La mwaka jana lilikuwa bado linanilinda, hadi mwisho wa mwezi.

Kichupa kile hufunguka kwa kidole gumba changu tu, na mdomo wake unaonja mate. Kikikutana na mate ya mtu mwingine, kinaiita Mamlaka. Ukimimina kwenye kijiko, kichupa kisipate mate kabisa, kinaiita vilevile. Hakuna kuwazidi akili. Nikimpa yule mtu, ningeitangazia serikali kwa mkono wangu mwenyewe: tulimpokea bila kummulika, akanywa, tukampa Tone lisilo lake.

"Mama," Gaudensia akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Simwambii mtu afe. Mimi nakuuliza tu. Tukifutwa, huyu nimzalie wapi?" Akaweka mkono tumboni. "Nimzalie kwenye ukungu?"



"Unaona?" Apolinari akadaka. "Yule alikuja kutumaliza, shemeji! Alikuja na maneno ya kaka yangu mdomoni, sijui kayaokota wapi, akakulainisha. Wapimaji wanafundishwa hivyo. Wanakwenda wanauliza habari za marehemu, wanayakariri."

"Yawezekana."

"Kwa hiyo ni mwongo."

"Ni mwongo. Na alikuja kuangalia kama nyumba hii inaweza kuua mtu. Amepata jibu."

Mimi si mwepesi wa kuamua. Nimezoea mambo ya kungoja: kimea kiote, pombe ichachuke, mtoto aache homa. Niliketi pale nikapima. Upande mmoja mimba ya Gaudensia na wale wawili waliokuwa wanacheza na majani ya migomba uani. Upande mwingine mwanamume nisiyemjua, aliyeingia kwangu kwa hila, na nyuma yake binti ambaye sijawahi kumwona na pengine hayupo. Nikipima kwa haki, mizani ilikuwa inalalia upande wa Gaudensia. Nikisema nilisikia sauti ya Mungu nitakuwa nimewaongopea. Nilichokuwa nasikia ni meno ya yule mtu nyuma ya ukuta, yanagongana kama karanga zinazopepetwa.

Kisha yakaacha.

Niliinuka nikatoa kichupa nyuma ya picha. Apolinari akasimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili.

"Utanipita?"

"Nitakupita. Au nipige. Mpige mjane wa kaka yako, watu wa matanga yake wakiwa uani, tuone watamlilia nani."

Nikaona ananichukia kweli. Akasogea.

Fulgensi alikuwa amelegea, lakini pumzi ilikuwapo, nyembamba. Niliweka gumba, kifuniko kikafunguka kwa mlio mdogo. Nikamnyanyua kichwa. Kichupa kilipogusa midomo yake kikawaka chekundu mkononi mwangu, kikaanza kutetemeka kama nzi aliyenaswa. Sikukiondoa hadi nilipoona koo likishuka.

* * *

Gari lilifika watu wakiwa bado wanagawana nyama. Kumbe lilikuwa linaweza kufika haraka. Kitufe cha mtu kilikuwa kimelia mchana mzima, hakuna aliyekuja. Kichupa kililia mara moja.

Alishuka afisa, binti mdogo mwenye miwani, na wanaume wawili wenye machela. "Shikamoo, Bibi. Pole na msiba." Aliamkia vizuri. Akaketi kwenye kiti cha mume wangu bila kujua ni cha nani, akaomba kifundo changu, akakimulika. Kijani kikaonekana, lakini kimefifia kama jani lililokaa chini ya jiwe.

"Hiki ni cha mwaka jana, Bibi. Mwezi ukiisha kitazimika."

"Najua."

"Tone la mwaka huu umempa mpimaji."

"Nimempa mgeni."

Walimpitisha Fulgensi kwenye machela. Kucha zilikuwa zimeanza kurudi rangi yake. Afisa akawasimamisha, akamuuliza yeye. "Nyumba hii walikumulika kabla ya kukupa pombe?"

Alinitazama. Nilitaka kugeuza uso nimpunguzie mzigo, nikaona hapana, asemee machoni pangu.

"Hawakunimulika," akasema.

Apolinari alitema mate chini. Mimi sikumlaumu. Kama binti yuko kweli, basi amemnunulia mwaka wa Tone. Kama hayupo, hilo ni lake na Mungu wake. Wakampakia.

Afisa alivua miwani akaifuta. "Makosa mawili, Bibi. Sheria inataka nifute nyumba nzima." Gaudensia aliyekuwa amesimama nyuma yangu akashika bega langu, kucha zikaniingia. "Lakini kuna njia. Hapa Rombo tuna upungufu wa wapimaji. Hawa wa upande wa pili watu wameanza kuwatambua, kwa lafudhi, kwa viatu. Wewe mwezi ukiisha hutakuwa na kinga. Ni bibi wa watu, ni mjane, kila mtu anakufahamu." Alitabasamu kama mtu anayesifia. "Hakuna nyumba itakayothubutu kukumulika."

"Unataka nikanywe kwa jirani zangu."

"Kidogo tu. Mkamwana wako na watoto watabaki kwenye usajili, na atakayezaliwa pia. Na gari lako nitalisimamia mimi mwenyewe."

"Litakuja?"

"Litakuja, Bibi."

"Kama lake?"

Akatazama vidole vyake. Akavaa miwani.

"Kubali, shemeji," Apolinari akasema, na sasa sauti yake ilikuwa laini kama siagi. "Wewe si ndiye uliyefungua?"

Nikakubali.

* * *

Mwezi ulipoandama waliniweka kitufe nyuma ya sikio. Hakikuuma. Tangu siku ile nililala nje, na chakula cha nyumbani sikukigusa; Gaudensia alinichomea ndizi mbivu na viazi vya kutoka ardhini, akavimenya nje, mbali na dari, akiwa amenawa hadi viwiko. Kila aliponipa alionja kwanza, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akaona aibu.

Nyumba ya kwanza aliichagua afisa: kwa Restituta Silayo. Tulipata kipaimara pamoja, na msibani ndiye aliyenishika nisianguke kaburini. Gari liliachwa kwenye mikaratusi, nikatembea.

"Mama Beatus!" Alinipokea tangu uani, anacheka, mikono ina unga. "Umekuja kunywa au kunisengenya?"

"Vyote viwili."

"Basi keti. Kusengenya kunataka koo lililolowa." Akaingia ndani, akarudi na kata, mbege nzuri, povu lake limesimama. Akapiga funda. Nikatazama koo lake likishuka, na nikajua Fulgensi alikuwa anatazama nini kwenye koo langu. Alikuwa anatamani iwe kweli.

Akaninyooshea kata.

"Lete kimulimuli, Restituta."

"Kimepotelea huko ndani. Panya wamekiiba."

"Panya gani walio hai? Kilete."

Kicheko kikamtoka usoni. "Nikumulike wewe? Wewe Pulkeria? Juzi si mimi niliyekufuta machozi?"

"Nimulike. Au nitakunywa hii, na utapata mtu wa kuzika."

Aliniangalia usoni kutafuta mzaha, hakuuona. Akakileta. Nilimpa mkono mwenyewe, maana alikuwa anaogopa kunishika. Akamulika cha kulia, kisha cha kushoto, akarudia cha kulia. Ngozi yangu ilikaa vilevile, ngozi ya bibi, makunyanzi na madoa.

"Lako liko wapi?"

"Nilimpa mtu."

"Na kwangu umefuata nini?"

Niliinua kitambaa cha kichwa nikamwonyesha nyuma ya sikio. Alikuwa mwepesi siku zote, Restituta. Akageuka kutazama barabarani hadi akaliona gari kwenye mikaratusi, akaanza kupumua kwa mdomo.

"Umekwenda kwa nani mwingine?"

"Wewe ni wa kwanza."

"Na ukitoka hapa?"

"Kwa Wilbroda."

"Naye utamwambia akumulike?"

"Nitamwambia. Kila nyumba. Watawaandikia kwamba mmemulika, na hakuna atakayefutwa."

"Ndivyo unavyosema." Alikuwa bado ameshika taa, amenielekezea. "Watu wa Mamlaka wakikupa neno la kusema, si ungelisema hivyohivyo? Nitajuaje kwamba si mtego mwingine ndani ya mtego?"

"Hutajua," nikasema.

Akachukua kata, akaimwaga yote chini ya mgomba, akaisuuza, akaimwaga tena. Ndani hakunikaribisha. Alileta kigoda akakiweka nje, mbali na paa, akakata ndizi mbivu kwenye mkungu uliokuwa shambani, akaziosha kwa maji ya bomba mara mbili, akanipa yangu na ganda lake. Kisha akaleta kigoda cha pili, akaketi mbele yangu.

Hatukusengenya mtu. Tulimenya ndizi, kila mmoja yake, na kimulimuli kikawa mapajani mwake, kinawaka, hakukizima.